Muhogo Niliompikia Bi Zarina

Kila nikikamua ukwaju katika maji ya vuguvugu, harufu yake kali hunirudisha kwenye jiko letu la Kiponda, Ramadhani niliyopika futari kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, na msinicheke nikisema nilijiona mpishi kamili.

Mama alikuwa amejifungua, yumo ndani ya arubaini yake, na jiko nikaachiwa mimi. Juu ya kabati ilikaa sahani ya maua mekundu ya Bi Zarina, jirani yetu Mhindi wa mlango wa pili. Alituletea dengu zenye utamu, ukali na uchachu kwa pamoja, tukalamba vidole. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na ile ilikuwa siku ya tatu. Mama alinung'unika kitandani kwamba tutaonekana hatuna adabu.

"Niachie mimi, mama," nikasema.

Mchele miaka ile ulikuwa wa foleni. Muhogo ndio uliokuwapo. Muhogo wa nazi hauna ufundi mkubwa: chumvi, tui, basi. Lakini mimi nilitaka Bi Zarina ajue kuwa mapishi ya kwao hata sisi tunayaweza. Nikatia bizari, pilipili, iliki na sukari ya chai ya baba, kisha nikamimina bakuli zima la ukwaju kwenye tui linalotokota. Tui likakatika papo hapo, likabaki madonge meupe yanayoelea kwenye maji ya rangi ya kutu. Sikuonja, nilikuwa nimefunga, na saumu yangu niliiringia kuliko hata mapishi yangu. Nikapakua wote, nikafunika kawa, nikaenda.

"Shikamoo, Bi Zarina."

"Marahaba, mwanangu. Kapika nani?"

"Mimi."

Adhana ikalia. Akanikalisha mkekani, akanipa tende na bajia, akaanza kuula muhogo wangu. Nilipotaka kuchota kidogo, akaivuta sahani upande wake. "Huu wangu. We kula bajia."

Akaumaliza wote. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Kesho yake alasiri akaja jikoni kwetu, eti nimfundishe. "Hebu nkumbushe," akasema, "tui zito ulilitia mwisho, siyo? Na ukwaju ulikuwa kidogo tu, ukautia sufuria ishashuka motoni?"

"Naam," nikajibu bila haya, nikafanya vile vile alivyosema. Muhogo wa siku ile ulisifiwa mpaka na baba, na tangu hapo sijapata kushindwa na muhogo. Kwa miaka mingi nilijigamba kuwa mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Bi Zarina.

Nilipokuwa na jiko langu mwenyewe, Michenzani, wanangu waliomba niwapikie ule muhogo wa siku ya kwanza hasa. Nikaupika vile vile, bakuli zima la ukwaju na tui linatokota. Mkubwa akatema. Mdogo akakimbilia maji. Mimi nikajilazimisha kumeza kipande kimoja, na cha pili kikanishinda.

Bi Zarina alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na alikula sahani nzima. Nilikaa pale jikoni nikalia, maana alikuwa ameshafariki na sikuwahi kumwambia ahsante.

Siku hizi mjukuu wangu ameanza kupika. Chapati zake ni ngumu, hazikatiki kwa mkono. Mama yake akitaka kuonja, naivuta sahani upande wangu.