Chimène na Mutwangio ya Kinshasa

Naandika juu ya Chimène, mwanamuke anayesuka nywele hapa Lubunga, kwa sababu watu wa ng'ambo ya mto wanaeleza mambo yake vibaya. Wanasema kuna koko mumoja, bibi muzee, karibu amuharibie mbio. Koko ule ni mimi. Donc mwenye kujua ile mambo vizuri ni mimi, haiko wao.

Nakaanga mikate pale nyumba za mwisho, mahali reli inaingia musituni. Kando ya reli kuna njia ya miguu, inaenda kilometa na kilometa. Wageni wakifika wanapiga picha: eh, mianzi! Eh, vipepeo! Eh, kijito na daraja ya vyuma viwili! Sisi tunaiita njia. Mwezi wa tatu mvua ikirudi, asubuhi ukungu unakaa juu ya reli, majani yote yanangaa sawa yamepakwa mawese. Iko nzuri, nakubali. Lakini mbele ya mugeni sitakubali, atazidi kupiga picha na mikate yangu itaungua.

Chimène alianza kukimbia juu ya muhogo. Shamba yake iko kilometa ine, na wateja wake wa nywele wanafika saa mbili. Basi alikuwa anaenda mbio, analima kidogo, anarudi mbio. Miguu ni ya nyange. Mikono sasa! Mikono inasuka polepole mpaka mama anakaa kwenye kiti na njaa ya asubuhi, anatoka na njaa ya jioni. Mungu alipomugawia mbio, yote ilishuka chini.

Siku moja mwalimu Rachidi alimuona. Rachidi ni mutu wa Kindu, anafundisha watoto jimnastike, chronomètre, saa ya kupima mbio, inakaa shingoni mwake sawa musalaba kwa padri, ata kama yeye ni Mwislamu. Alimuambia: "Wewe, acha kukimbia juu ya muhogo. Kimbia juu ya kukimbia." Akaanza kumufuata na kinga, baiskeli yake, nyuma, kila asubuhi.

Hapo njo matatizo ilianza. Kwetu, mutu mukubwa akikimbia kwenye ile njia bila muzigo, bila ata jembe ao muhogo, analeta habari ya kifo. Siku ya kwanza Chimène alipita kilometa mbili, mbele ya nyumba ya mama Safi; Safi akaangusha beseni, akatia mikono kichwani: "Ni nani? Chimène, ni nani amekufa?" Chimène hakujibu, juu Rachidi alimukataza kusema akikimbia. Basi Safi akamufuata na kilio. Mama mumoja wa kilometa tatu, jina yake Binti, akaona Safi analia, naye akafuata. Kufika kwenye daraja ya kijito walikuwa watu kumi na mbili nyuma ya Chimène, kila mutu analilia ndugu yake mwenyewe. Rachidi aliangalia chronomètre, akasema tangu amujue hajamuona anakimbia vizuri vile.

Toka siku ile, Chimène anapita anapiga kelele: "Hakuna mutu alikufa! Ni sport!"

Watu wakatulia. Walipotulia wakaangalia mikono yake. Mitupu! Kwetu mutu hapite kwenye njia na mikono mitupu. Ukienda mbele, unabeba chumvi ya mutu, dawa ya mutu, salamu ya mutu. Nani alianza kumupa mizigo? Ni mimi. Nilimupa mikate ya Safi, ndani ya karatasi, kitu kidogo tu. Kesho yake chumvi. Kisha wengine wakaona.

Rachidi alikuja kwenye meza yangu amekasirika.

"Koko, huyu ni mukimbiaji. Haiko toleka, baiskeli ya kubeba watu na mizigo."

"Toleka iko na tairi," nikamuambia. "Huyu hana. Kwa hiyo haipasuke."

"Koko, leo alikimbia na sabuni tatu na sufuria!"

"Na sufuria ilifika?"

"Ilifika, lakini—"

"Bon. Kula mukate, mwalimu. Umekonda."

Chimène mwenyewe hakukataa ata siku moja. Alikuwa anacheka tu, anabeba, anakimbia.

Sasa mulijue jambo lenyewe. Mwaka uliopita provinsi ilichagua wanawake wawili wa kwenda kukimbia Kinshasa. Chimène alikuwa wa tatu. Wa tatu! Alisimama kando ya mto kuangalia ndege ikipita juu ya Lubunga, wawili ndani, na yeye na kichana mukononi. Mwaka huu iko na miaka makumi tatu na moja, na Rachidi alimuambia bila kuficha: "Ni mwaka huu. Mwaka kesho miguu itaanza kukujibu." Mbio ya kuchagua iliwekwa Dimanche, siku ya kanisa, kwenye njia yetu wenyewe: kutoka gare ya Lubunga, kituo cha reli, mpaka kilometa kumi, na kurudi. Wawili wa kwanza wanapanda ndege. Wa tatu anabaki na kichana.

Mimi sikuwa na mashaka. Juma nzima kila mutu aliyenunua mukate nilimuambia: "Dimanche Chimène iko nakwenda Kinshasa. Atapita kwenu asubuhi." Nilisema vile juu nilikuwa na fahari, na fahari haina subira ya kueleza kila kitu.

Samedi, siku moja mbele ya mbio, Safi akaja na kuku kwapani.

"Koko, nilikuwa nauliza. Kuku ya kupanda ndege, wanaifunga miguu mbili ao moja?"

"Kuku gani?"

"Ya dada yangu kule Kinshasa. Si ulisema kesho Chimène anapita kwenda? Sisi wote tumetengeneza vifurushi. Binti anatuma mutwangio, muti wa kutwangia, juu mutoto wake anasema kule hakuna muti mugumu, anakula lituma, ndizi ya kutwanga, yenye mabonge."

Nilikaa. Niliona njia nzima, kila nyumba mutu amesimama na kifurushi, na Chimène wangu anasimama kila mahali kusema ndiyo mama, ndiyo papa, na wale wasichana wa ng'ambo wanamupita mumoja mumoja.

Mutu mwingine angesema, Safi, nilikosea. Lakini mimi neno langu likitoka, likirudi linakuta mulango umefungwa. Nilimuambia: "Miguu mbili. Kesho asubuhi nitaichukua mwenyewe. Chimène akipita, asiguswe."

Dimanche saa kumi na moja asubuhi nilitoka na kitunga mugongoni. Kwa Safi, kuku. Nyumba ya pili, bidon ya mawese. Mbele, samaki ya moshi ndani ya majani. Kwa Binti, mutwangio mwenyewe, murefu kunipita, na Binti anasema: "Usiuangushe, koko, ni wa mama yangu." Nilitaka kufika mpaka kilometa kumi, mahali mbio inageukia. Nilifika kilometa tano. Magoti yalisema hapa. Nilikaa juu ya chuma ya reli na mizigo yote, kuku kichwani mwa kitunga, mutwangio kati ya magoti.

Hawa wanakuja! Wa kwanza Larissa, mwanafunzi wa ng'ambo, anakimbia sawa nguo kwenye upepo. Nyuma yake hatua kumi, Chimène. Nyuma ya Chimène, msichana mumoja wa nguo ya buluu, jina yake Benie, anapumua sawa mashine ya kusaga.

Chimène akaniona. Sasa, kwetu kijana hawezi kupita koko mwenye muzigo bila kumupokea. Ni haya kubwa. Niliona miguu yake inapunguza.

"Koko! Unafanya nini huku? Lete nikubebee!"

"Pita!" nikasema. "Nani alikuita?"

"Koko, mizigo yote hii—"

"Ukisimama nitakupiga na hii kuku! Pita, mwanamuke wa mikono ya kobe! Unafikiri uko nasuka nywele hapa?"

Akapita. Alikuwa anacheka, na mimi roho ikatulia.

Nilitulia bure. Mbele kilometa nane anakaa papa Dominique, katekista, aliyemufundisha Chimène kusoma na kumubatizia watoto wawili. Nyumba yake sikuifikia. Haya mambo ya kule alinieleza mwenyewe kisha. Chimène alipopita kwenda, Dominique alikuwa kati ya njia na kifurushi, na kapela nzima nyuma yake, wamekatiza sala. Chimène alisema: "Papa, nikirudi!" Dominique ni mutu wa neno. Alingoja. Chimène alipogeuka kule kilometa kumi na kurudi, alikuta kapela inaimba, na kwanga kumi, mikate ya muhogo, zimefungwa na kamba, na barua ya kupelekea mutoto wake Eddy kule Kinshasa. Nani atamupita mutu aliyemufundisha kusoma? Akasimama. Mama wa kapela wakamufunga kwanga mugongoni na kitambaa cha meza ya kapela, wakavuta fundo vizuri, wakasali kidogo. Kidogo ya katekista, munaijua.

Mimi kule kilometa tano niliona Larissa anarudi. Kisha nguo ya buluu. Nikangoja. Nikasema maombi. Kisha Chimène akatoka kwenye mianzi, na mugongo mukubwa sawa mama anabeba mapacha, jasho mpaka kwenye viatu. Wa tatu! Na buluu iko mbele yake kutoka kwangu mpaka kule muti ulianguka.

Mara ya mwisho nilikimbia nilikuwa na meno yote. Siku ile nilikimbia. Niliacha kuku, niliacha mutwangio wa mama ya Binti, nikamushika kitambaa pale nyuma.

"Koko, utaanguka!"

"Nikianguka nitaanguka na kwanga. Usisimame! Fundo iko wapi?"

"Kifuani! Mama wa kapela walifunga mbili!"

Nilivuta ya kwanza na mukono, ya pili na meno, yale yaliyobaki. Nilikimbia hatua makumi mbili. Rachidi, aliyekuwa na kinga nyuma, anasema nane. Kwanga zikaanguka kwenye mukono wangu, na Chimène akaruka mbele sawa mutu amefunguliwa gerezani. Pale pale moto ya jury, pikipiki ya waamuzi wa mbio, ikapita. Mutu wa jury aliniangalia, akaandika kitu.

Sikuona mwisho. Kilometa tano za kurudi nilitembea na kuku, na bidon, na samaki, na kwanga kumi, na mutwangio, bila kujua kama nimemuokoa ao nimemuua. Rachidi alikuwa amekimbia mbele na kinga yake, hakuna ata mutu wa kuniambia.

Nilipofika gare, watu walikuwa wamezunguka meza ya jury. Chimène amekaa chini, kichwa kwenye magoti. Mama mumoja akaninongoneza: alimupita Benie kwa hatua tatu, iko wa pili. Lakini mwalimu wa Benie amekataa. Anasema mutu alimupa musaada njiani, wamutoe kwenye mbio. Wanamungoja yule mama muzee.

Mukubwa wa jury, papa Évariste, mutu wa miwani minene, aliniita mbele ya watu wote.

"Mama, ni wewe ulikuwa kilometa tano?"

"Ni mimi. Na magoti yangu yatakuambia vilevile."

"Sheria ya mbio inasema: hakuna mutu ataruhusiwa kumupa mukimbiaji kitu chochote njiani. Ulimupa nini huyu mwanamuke?"

"Sikumupa kitu. Nilimunyanganya."

"Unasema?"

"Nilimunyanganya kwanga. Hesabu, ziko kumi hapa. Sheria yako inasema juu ya kunyanganya?"

Papa Évariste akasoma karatasi. Akaigeuza, akasoma nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Mwalimu wa Benie alisema: "Lakini alimupunguzia muzigo!" Rachidi akajibu: "Basi kesho na wako akimbie na kwanga kumi kilometa tatu, kisha tutamupunguzia." Watu wakaanza kucheka, ata Benie mwenyewe, msichana muzuri yule, akacheka na pumzi yake ya mashine.

"Bon," papa Évariste akasema. "Alipewa muzigo, na muzigo haisaidie mutu. Kisha akanyanganywa. Anabaki wa pili. Lakini mama, unieleze. Vitu vyote hivi ni vya nini? Mutwangio kwenye mbio?"

Safi alikuwa pale, na Binti, na wote wa njia, waliofuata nyuma ya wakimbiaji. Binti akasema kwa sauti: "Ni koko alituambia Chimène anakwenda Kinshasa leo!"

Wote wakaniangalia. Chimène naye akainua kichwa.

"Nilisema anakwenda Kinshasa," nikajibu. "Anakwenda, ao haende? Nilikosea siku. Mahali sikukosea."

Juma lililofuata alipanda ndege. Kuku walimukatalia, iko kwangu mpaka sasa, inataga vizuri, na Safi akinunua mukate anaiangalia lakini haulize. Vingine vyote vilienda. Alirudi wa kumi na nne kati ya wanawake wa inchi nzima. Rachidi anasema ni ajabu, anaeleza mpaka kwa watu wanaovuka na pirogi. Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Mutwangio ya Binti ilifika?"

"Ilifika, koko. Alitwanga lituma mbele yangu. Hakuna mabonge."

"Bon. Ulikimbia vizuri."

Jana asubuhi alipita tena, "Hakuna mutu alikufa! Ni sport!", na mikono mitupu. Nilimuita. Chumvi ya Safi, pakiti moja tu. Rachidi alisimamisha kinga, akafungua kinywa.

Nikatia mukate ndani.