Wimbo wa Kupandishia Lori

Juzi niliondoka Kibondo asubuhi bila mpango, na Kasulu nikakuta bendi ya magitaa ya umeme ikipiga wimbo wa safari wa zamani. Papo hapo nikasikia harufu ya dizeli. Baba aliweka kaseti ya wimbo huo kila lori lake lilipoanza kupanda mlima, nami niliamini wimbo ndio unaolivuta. Mchana mmoja mkanda ulikatika katikati ya mlima. Nililia, nikijua tutarudi nyuma.

"Basi imba wewe, mama," baba alisema, akibadilisha gia.

Niliimba mpaka tukafika juu.

"Leo huyu ndiye katupandisha," akamwambia utingo wake.

Siku hizi najua kazi ya gia. Hata hivyo, kiitikio kilipofika nilipaza sauti kumshinda mwimbaji.

Gesti, mhudumu aliniuliza, "Dada, mbona sauti imekukauka?"

"Nimetoka kupandisha lori."