Simu Nyingi, Njia Moja

Mdogo wangu ni muuguzi katika kituo cha afya nje kidogo ya Pweto, kando ya ziwa. Mimi niko Lubumbashi, katika ofisi ndogo inayohifadhi video za mafunzo kwa ajili ya vituo kama chake. Muuguzi hufungua anayoitaka, wakati anaoutaka, nayo hutoka kwetu na kupita njia moja nyembamba ya mtandao hadi kule ziwani.

Asubuhi moja ya mvua alinipigia. Sauti yake, ikiniita Yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa, ilikuja vipande vipande.

"Yaya, iko mutoto hapa, pumzi inamukatika. Mashini ya oksijeni inanguruma, lakini oksijeni haimufikie. Fundi hapatikane. Video yenu inazunguka tu, haifunguke!"

Nilifungua video hiyohiyo mezani pangu. Ilitembea bila shida. Ilionyesha chupa ya maji ambayo oksijeni hupitia, ubavuni mwa mashine, na jinsi oksijeni inavyovuja kifuniko chake kisipokaa sawa.

"Kaza kifuniko," nikamwambia.

"Kifuniko gani? Biko bingi!"

Simu ikakatika. Nilipiga tena, haikuita. Nilikuwa nikimfikiria mama wa mtoto, amesimama pale akimtazama mdogo wangu, na mdogo wangu akiitazama simu.

Ndipo nikaangalia skrini inayoonyesha video zinakokwenda. Video ileile ilikuwa inaelekea kituo kilekile mara nyingi kwa pamoja. Nikaelewa: wenzake, kwa kutaka kusaidia, kila mmoja alikuwa ameifungua kwenye simu yake. Wote walikuwa wanagombania njia moja, na hakuna aliyekuwa anaona kitu.

Nikamwandikia ujumbe: "Bote bafunge video. Simu yako tu ibakie."

Sikujua kama utafika. Wakati nasubiri nilikata sehemu ya chupa peke yake, nikapunguza ubora wa picha mpaka pale ambapo kifuniko bado kinatambulika, nikamtumia. Kwenye skrini simu zikaanza kutoweka, moja baada ya nyingine, hadi ikabaki moja. Vipande vya video vikaanza kwenda. Kisha vikasimama.

Je, vimefika vyote? Au simu imezimika? Skrini haikuweza kuniambia. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mkuu wangu aliniuliza nina nini, nikamwonyesha skrini.

Hatimaye ujumbe ukaingia: "Nimekaza kifuniko ya chupa, oksijeni inamufikia. Mutoto iko napumua muzuri."

Nililia pale pale, mbele ya watu.

Mtoto alipona. Sisi tukapeleka kituoni kisanduku kidogo cha kuhifadhi video. Sasa kila video husafiri mara moja tu kutoka Lubumbashi, wakati mtandao umetulia, kisha simu zote huichukua palepale uani, hata mtandao ukikatika.

Siku kilipowashwa nilimwomba mdogo wangu wafungue video wote kwa pamoja.

"Inatembea kwa bote," akasema.

"Jaribuni tena."

Wakajaribu. Nikaomba tena.

"Yaya, inatosha," akasema. "Bagonjwa banatungojea."