Somo Namba Tisa

Nilisomea kazi ya maabara katika chuo kidogo cha kati, magharibi mwa Kenya, na masomo yetu yalipewa namba kwa mfuatano tu: 01 hadi 14. La kufundishwa mwanzo lilikuwa 01, la mwisho 14, basi. Tulihitimu, tukapewa diploma, na mimi nikaja Doha mwishoni mwa miaka ya elfu mbili.

Nilikuwa nimepima damu na mkojo kwa miaka sita katika zahanati moja ya binafsi kule mtaa wa Muaither, meneja aliponiita ofisini. Mwenye zahanati alikuwa ameamua kwamba maabara ibaki na wenye shahada pekee. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miaka miwili na kidogo.

"Diploma unayo," meneja akasema. "Ingia chuo kikuu mwaka wa tatu, umalize, ubaki." Alisema kama anayenielekeza duka la mkate.

Nilikimbilia chuo kikuu kilichokuwa na masomo ya baada ya kazi, nikawasilisha matokeo yangu. Wiki tano baadaye niliitwa. Afisa wa usajili, Msudani mwenye sauti ya upole, aligeuza kompyuta ili nione. Masomo yangu yote kumi na manne yalikuwa yamekataliwa.

"Ukhti, sikiliza," akasema. "Hapa masomo ya mwaka wa kwanza huanzia mia moja, ya mwaka wa tatu mia tatu. Yaliyo chini ya mia ni ya kumwandaa mtu kabla hajaanza chuo. Yako yote yako chini ya mia."

"Lakini namba tisa ni elimu ya damu! Ndilo hilo mnalofundisha mwaka wa tatu. Nalifanyia kazi kila siku."

"Mimi nakuamini. Mtambo hausomi jina, unasoma namba." Akairudisha kompyuta upande wake. "Lete silabasi ya kila somo, zikiwa na mhuri wa chuo chenu, kabla mwezi huu haujaisha. Nitazifikisha kwa kamati."

Nilipiga simu nyumbani. Chuo chetu kilikuwa kimeunganishwa na kingine. Karani aliyepokea alikwenda kuuliza, akarudi. "Madam, makaratasi ya miaka yenu yalinyeshewa. Yalitupwa."

Nilimshukuru, sijui kwa nini. Nikaketi kwenye ngazi za zahanati na koti langu jeupe, wagonjwa wakinipita, nikashindwa kuinuka. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikifanya kazi kama niliyeamshwa vibaya. Muuguzi Mkenya tuliyeishi chumba kimoja alinikuta jikoni nikisugua sufuria.

"Wewe, hiyo ishatakata kitambo. Ni nini?"

Nikamweleza yote.

"Na waliowafundisha? Wote wamekufa?"

Mmoja nilijua yu hai, amestaafu, anafuga ng'ombe. Nilimpata kupitia mtu aliyesoma nami. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Binti, daftari zangu za kufundishia bado ninazo," akasema. "Lakini mimi nilifundisha masomo sita tu. Hayo mengine siwezi kuyasemea."

Mzee yule aliandika upya silabasi za masomo sita kwa mkono, akampelekea mkuu mpya wa chuo, akasubiri kwenye benchi hadi zikagongwa mhuri. Alifanya hivyo akiwa na goti bovu. Kwa hayo manane mengine nilipiga simu hadi sikio likauma. Mwalimu mmoja alikuwa ameaga dunia, mwingine hakupatikana, mwingine aliahidi akazima simu.

Kamati ilikubali masomo matano. La sita walisema saa zake hazikutosha. Niliwekwa mwaka wa pili, maana yake ningemaliza mwaka mzima baada ya mkataba kuisha.

Nilimwendea meneja. "Mwaka mmoja tu, bosi. Nakuomba."

Alitazama kalamu yake. "Siamui mimi, sister."

Mkataba ulipoisha nilimfundisha aliyechukua nafasi yangu jinsi ya kuituliza mashine ya kuzungusha damu inapoanza kutetemeka. Alikuwa na shahada, na alikuwa na adabu, na sikuweza hata kumchukia. Meneja alinisainia barua ya kuniachilia niende kwa mwajiri mwingine, nikaenda Umm Salal kumtunza bibi mmoja aliyepooza. Nilimwosha, nikamlisha, kisha nikakimbilia basi kwenda darasani kufundishwa umbo la seli.

Mwaka wa mwisho, yule Msudani alinisimamisha kwenye korido, uso umemng'aa. Vyuo vya kwetu vilikuwa vimekubaliana kutumia namba za aina moja, zinazofanana na za chuo kikuu chake. Msichana aliyetoka chuo changu cha Kenya alikuwa ameingia mwaka wa tatu moja kwa moja. "Siku tatu tu kakubaliwa, ukhti! Hakuulizwa swali hata moja."

"Alhamdulillahi," nikamwambia, ingawa mimi ni Mkristo. Nilifika chooni kabla ya kulia. Nililia kwa hasira, na nikaona haya, kwa sababu yule msichana hakunikosea lolote.

Shahada niliipata. Maabara moja ya Al Wakrah ilinichukua baada ya miezi minane ya kuomba, ngazi ya chini kabisa, chini ya msimamizi niliyemzidi umri kwa miaka kumi. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kushika darubini.