Hasira Aliyobaki Nayo Mama

Mwalimu wetu wa Kiingereza, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Homa Bay, alituambia kwamba Mwingereza hakasiriki hivihivi tu. Kwanza anachagua. Anaweza kuwa "annoyed", kwa sababu mtu amemkanyaga na hakuomba radhi. Anaweza kuwa "cross", kama nyanya aliyekuta chumvi imeisha na hakuna aliyemwambia. Akipanda hadi "furious", vyombo vya nyumba haviko salama. Niliyakodolea macho maneno yale ubaoni nikasahau hata kunakili. Ilinishangaza sana kwamba kuna watu wanaopima hasira kwa vibaba, kama mahindi sokoni.

Nyumbani kwetu, bonde la Lambwe, mama yangu alikuwa na hasira moja tu, na haikuwa na kelele. Ilimwingia siku tulipomzika baba. Ndugu wote walifika, hata wa mbali waliodhaniwa wamekwishatusahau, lakini mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyeolewa Ogwedhi, upande wa Migori, hakuja. Alimtuma mtu na fahali wa kuchinjiwa waombolezaji. Kwetu Wajaluo, ndugu hukuletea sauti yake kwanza. Huingia langoni akilia, watu wakamsikia, ukajua hauko peke yako. Nyama ni jambo la baadaye. Mama alimtazama fahali yule, akasema arudishwe alikotoka na asipewe hata maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo hakumtaja mdogo wake. Sisi watoto tukimtaja mama mdogo, mama alisikia moshi unamwingia machoni, akatoka jikoni. Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa la kanisani. Sisi ni Wasabato, na kwetu, kabla ya kuishiriki Meza ya Bwana, watu huoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Kama una neno na mtu, beseni lile ndilo mahali pa kulimaliza. Usipolimaliza, huli mkate. Mama hakuwa mtu wa kudanganya mbele ya Mungu. Kila ilipofika huduma ile alitoka nje, akasimama karibu na masufuria ya chakula kama mtu aliyeajiriwa kuyalinda, na mkate ukapita bila yeye. Alilipenda kanisa kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, nami nilimwonea huruma mpaka nikakasirika kwa niaba yake.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nafundisha sekondari karibu na mji wa Migori. Mwaka mmoja makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu ya kila mwaka, yalifanyika huko, mama akaja kukaa kwangu ili ahudhurie. Mkutano ulikuwa wa watu wa kila namna: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya wenye maduka mjini. Kwa hiyo mahubiri yalitafsiriwa kwa Kiswahili, na wazee wa kanisa wakaamua kwamba siku ya Sabato mtafsiri niwe mimi. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mzee mwenye sauti ndogo, ambaye zamani alifundisha lugha. Nilipopanda jukwaani nikamwona mama safu ya wanawake watu wazima, kitambaa cheupe kichwani. Nikatupa jicho upande wa pili wa hema. Mama mdogo alikuwa ameketi kule, amekonda, anamtazama dada yake kisogoni.

Mzee yule alihubiri juu ya hasira.

Akasema "annoyance". Nikasema, "Hasira ndogo." Akasema "anger". Nikasema, "Hasira." Akasema "fury", nami nikatafsiri, "Hasira kubwa." Alipofika "wrath", jasho likanitoka, nikasema, "Hasira kubwa sana."

Mzee mmoja Mkuria wa safu ya mbele akainua mkono. "Mwalimu, na hiyo ingine ikikuja, itakuwa hasira lori ngapi?"

Hema zima likaangua kicheko. Mhubiri akaniuliza wanacheka nini, nikamweleza, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kwa upole kwamba maneno yale hayakutofautiana kwa ukubwa. Yalikuwa vitu tofauti kabisa, na sisi hatukuwa na haraka. Akaacha kuyataja akaanza kuyaeleza, moja moja, nami nikamfuata.

Ya kwanza, alisema, inakaa kwenye ngozi tu. Ukisogea kando inakwisha. Nikaiita kero. Nyingine inalipuka na haijui inachofanya, kesho yake ndiyo inauliza nani amevunja mlango. Hiyo nikaiita hamaki. Iko nyingine ya mwenye uwezo wa kuadhibu. Kuku, hata achukizwe vipi, hawezi kuwa nayo. Nikasema ghadhabu, na yule mzee Mkuria akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba sasa tunasikilizana. Nilikuwa nikiyatoa maneno yale mahali ambapo sikujua yamekaa, na kila moja lilipotoka nilihisi nywele zinanisimama. Kumbe hata sisi tulikuwa na vibaba vyetu, ila nilikuwa nimeviacha nyumbani.

Kisha akataja "indignation". Hilo halikunipa neno, kwa hiyo nikalisema lote kama alivyolieleza: ni hasira ya mtu aliyeona jambo baya limetendwa, imesimama wima, inamtazama mkosaji usoni, inataka jambo lile litengenezwe, na likitengenezwa inaondoka. Akasema hiyo si dhambi. Unaweza kuibeba mpaka kwa ndugu yako ukamwonyesha.

"Lakini yuko dada yake," alisema, "wanafanana sana, na watu huwachanganya." Akalitaja: "resentment". Hiyo haitaki tena chochote. Hata ukiiletea kile ilichokuwa ikidai, itakikataa, kwa sababu imeshajenga nyumba ndani yako na imezoea.

"Kinyongo," nikasema.

Nilipolitamka tu, macho yangu yakakutana na ya mama. Alikuwa ameacha kujipepea. Nikaogopa kweli, kwani niliona atafikiri nimepanga na mzungu yule kumwaibisha mbele ya watu. Sijui nilimalizaje mahubiri.

Wakati wa kuoshana miguu ulipofika, wanawake walikwenda nyuma ya hema, kwenye nyasi zilizowekwa viti na mabeseni. Nilimtazama mama nikisubiri aelekee kwenye masufuria. Hakwenda. Alichukua beseni, akachota maji, akajaribu joto lake kwa kiwiko kama anavyofanya akiogesha mtoto, akatembea moja kwa moja hadi alipokuwa mdogo wake. Mama akapiga magoti.

"Nyaminwa, leta miguu," alisema kwa Kijaluo, na nyaminwa ni ndugu yetu wa kike.

Mama mdogo alivua viatu.

"Mimi bado nimekukasirikia," mama akasema, bila kupunguza sauti. "Usidhani imekwisha. Mume wangu alizikwa, na wewe ukaniletea ng'ombe. Lilikuwa baya na hata leo ni baya. Hiyo hasira ninayo, na nitakuja nayo mpaka kwako. Lakini kile kinyongo nimekichoka. Nimekiacha pale nilipokuwa nimeketi."

Mimi nilisoma chuo, nimefundisha maneno yale kwa chaki, na sikuwahi kuona mtu akiyapokea adhuhuri na kuyatumia kabla ya chakula. Nilisimama pale na taulo mkononi, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

"Nikasirikie," mama mdogo akasema huku analia. "Una haki. Nilitoka Ogwedhi, dada yangu. Nilifika mpaka soko la Ndhiwa. Nikafikiria nitakukuta umekaa chini, bila yeye, na sikujua nitakushika wapi. Miguu ikakataa. Nikarudi."

Mama alikuwa ameushika mguu wake wa kulia ndani ya maji. Akaitazama yote miwili.

"Ni hii?" akauliza.

"Ni hiyo."

Mama akauosha. Akauosha polepole, kisigino, unyayo, katikati ya kila kidole, akaukausha, akaushika wa pili. Siku hiyo alikula mkate.

Jumapili mama mdogo hakusubiri afuatwe Ogwedhi, alikwenda naye Lambwe. Alipofika langoni aliinua sauti, akaingia akimlilia shemeji yake kana kwamba amefariki jana, na majirani wakatoka mashambani kuona kuna msiba gani. Mama alimwacha alie mpaka akatosheka. Halafu akamkalisha jikoni, akawasha moto, akaanza kumgombeza. Alimgombeza maji yakichemka, akamgombeza akisonga ugali, akataja jambo moja moja tangu siku ya mazishi, na mama mdogo akaitikia kila moja, "Ni kweli." Chakula kilipoiva mama alinyamaza, akampakulia yeye wa kwanza.