Mkwe Alipotolewa Chumbani

Mama yangu alianguka shambani Misima mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Alipoinuliwa, mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na mdomoni limebaki neno moja tu: kesho. Ukimsalimia, kesho. Ukimwuliza kama ana njaa, kesho. Mjomba, kaka yake mkubwa, akakata shauri mbele yake, kama vile hayupo: "Huyu karukwa na akili. Apelekwe hospitali ya vichaa, hata kwa kamba." Nikasema kwanza akapimwe hospitali ya Korogwe, na atakayenibishia tutaonana wabaya. Mjomba akafuatana nasi.

Daktari alikuwa mgeni, mtu wa Kanda ya Ziwa. Alitandika mezani kijiko, ufunguo na kikombe.

"Bibi, hiki nini?"

"Kesho."

"Na hiki?"

"Kesho!" Jasho lilimtoka, akajipiga paja kwa hasira. Daktari akisema akili hakuna, basi nimemkosa mama.

"Haya, tusitaje. Uonyeshe tu kwa kidole." Akamvuta mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamweka mbele ya mama. "Nionyeshe mume wa binti yako."

Mama akajifunika khanga uso mzima, asisogee.

"Nionyeshe kikombe, basi." Khanga haikushuka. Daktari akatikisa kichwa. "Hata kuelewa haelewi."

"Si nilisema?" akadakia mjomba. Mzigua mzima yule, mila zetu alizijua fika! Nikawaka.

"Baba watoto, toka nje!" Nikamgeukia daktari. "Huyo ni mkwe wake! Kwetu mama hamtazami mkwe usoni, sembuse kumnyooshea kidole? Tangu Handeni kwenye basi yeye kakaa mbele, mama kakaa nyuma kabisa!"

Mume wangu alitoka mbio. Khanga ikashuka taratibu.

"Bibi, samahani. Nionyeshe kikombe."

Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kikombe. Aliambiwa ufunguo, akaugusa. Aliambiwa afumbe macho, akafumba.

"Akili yake nzima," daktari akasema. "Anasikia kila kitu. Kutamka ndiko kulikoharibika."

Nililia kwa sauti, bila haya. Lakini mama hakuwa amemaliza. Aliunyanyua tena ule mkono wa kushoto, akamnyooshea kidole kaka yake, kisha akaunyooshea mlango.

"Kesho," akamwambia, kwa ukali.

Mjomba akachukua kofia yake, akatoka.