Jani la Nyumba ya Nne

Siku ile mferejini tulikuwa wanne: Mzee Ndewario, mtunza mfereji wetu kule kijijini Nkoaranga; Mama Elirehema, mkwe wangu; Elirehema mwenyewe, shemeji yangu, aliyependa kuniita Bibi Harusi kwa utani; na mimi Ndeshi, niliyekuwa na miezi mitatu tu tangu niolewe.

Mwanangu unayesoma haya, nayaandika kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, anayeandika programu za kompyuta hapa mjini. Juzi nilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Kwa Mrombo, nikamuuliza kazi gani inampa sura ya kufiwa.

"Bibi, ndani ya kompyuta vifaa vingi vinapitisha taarifa kwenye njia moja. Kimoja kikikosea, njia yote inachafuka. Sasa kila kifaa kina programu inayokiendesha, tunaiita draiva. Natengeneza utaratibu: kukiwa na hitilafu, mfumo unafunga njia, unaziuliza draiva zote kama ziko tayari, kisha unafungua."

"Na isiyojibu?"

"Nasubiri kidogo. Ikinyamaza, nahesabu imepona, nafungua. Mashine ni ya wodini, Bibi, inaangalia mapigo ya moyo. Haiwezi kukaa imezimwa."

Chai ikanishinda.

Mfereji wetu ulinywesha nyumba nne. Ukiziba, Mzee Ndewario alifunga maji kule juu kwa ubao, akapeleka neno kila nyumba. Nyumba ikimaliza kusafisha kipande chake, ilileta jani la isale, lile tunalopanda mipakani, likawekwa juu ya jiwe. Majani yakitimia manne, ubao unainuliwa.

Siku ile gogo lilikwama ndani ya kalavati, chini ya njia ya miguu, kwenye kipande cha Elirehema. Akaingia kwa tumbo na panga lake. Mzee aliitwa kwa mgonjwa, akaniachia ubao. "Ndeshi, ni manne. Usinihesabie vingine."

Matatu yalifika. La nne, kimya. Miche yangu ya kahawa ilikuwa inanyauka juani, na mimi mgeni pale, nikitaka mkwe wangu aone kwamba kazi naijua. Nikajisemea, huyu Elirehema na utani wake atakuwa ametoka, amekaa mahali anavuta sigara. Nikainua ubao.

Maji yalimkuta bado mle ndani; tulimtoa maiti, kwa kubomoa kalavati. Kucha zake zilikuwa zimekwisha kwa kukwaruza mawe.

Mzee Ndewario hakunipiga. Aliniuliza mbele ya watu, "Nani alikuambia amemaliza?" Sikuwa na mtu wa kumtaja. Mpaka leo sina. Mama Elirehema aliishi miaka mingi baada ya hapo, akala chakula nilichopika, na hakuniita tena kwa jina langu.

Nilimsimulia Neema yote. Akasema, "Lakini Bibi, wakubwa wanataka iwake haraka." Sijui ameandika nini baadaye. Ndiyo maana na mimi naandika.

Neema, na wewe mwanangu unayefanya kazi kama yake, sikieni. Funga njia kwanza, ndipo uulize. Ziambie draiva zote, hata za vifaa vizima, maana nazo zinapita hapo hapo. Draiva iwe na namna ya kusema nimeshindwa, isilazimishwe kujibu ndiyo. Na muda ukiisha, iliyonyamaza itenge, ufunge tawi lake peke yake, kengele ilie, nesi aje amtazame mgonjwa kwa macho yake. Zile zilizojibu ziendelee na kazi. Lakini iliyonyamaza usiiandike kwamba imepona. Kule ndani kuna mtu.

Mungu aitulize mikono yenu pale mnapoharakishwa, na awaepushe na swali nililoulizwa mimi.

Na ninyi wa Nkoaranga mnaoikumbuka siku hiyo, kama nimekosea jina au nimemweka mtu mahali ambapo hakuwepo, nisahihisheni. La Elirehema sijakosea.